Nukta Sita

Punta Arenas, chumba namba kumi na nne, saa mbili asubuhi.
Upepo unalisukuma dirisha kama mdai.
Nimeamka na sikio moja;
la kulia limejaa maji ya moto,
na daktari, mama mnene mwenye soksi za sufu,
amelichungulia kwa kurunzi, akaguna:
"Ukiruka leo, ngoma itapasuka."

Ndege yetu iko kule, mkia wake nauona.
Viti mia moja na themanini.
Kila viti hamsini, mhudumu mmoja:
gawanya mwenyewe,
utapata tatu nukta sita.
Na kwa kuwa sheria haimjui
mhudumu mwenye kiwiliwili bila miguu,
hesabu inapandishwa: wanne.
Yolanda, mmoja. Ignacio, wawili. Mireya, watatu.
Mimi ni ile nukta sita.

Wala usiniambie abiria hawakujaa.
Sheria haihesabu makalio, inahesabu viti,
hata kile kilichokaliwa na koti.

Saa tatu Yolanda ananipigia.
Simu naihamishia sikio zima.
Nyuma yake ukumbi unavuma kama mzinga.
Yupo bwana mmoja, ananiambia, mfugaji wa kondoo,
anaapa watatu wanatosha
kwani yeye hanywi kahawa.
Yupo bibi harusi na gauni ndani ya mfuko mrefu,
amelipakata kama mgonjwa.
Yupo mtoto anayeuliza kama rubani amepotea.
"Nije?" nasema. "Nimeze vidonge viwili, nije?"
Kimya.
"Nikikuona hapa, Fabiola,
nitakurudisha kitandani nikikukokota kwa nywele."

Kahawa, Mireya peke yake angewamiminia wote
na akabakiwa na muda wa kupaka rangi ya mdomo.
Si kahawa.
Mlango wa nyuma, kushoto, ni wangu.
Nimeufungua gizani, katika moshi wa bandia wa chuo,
mwalimu akiitazama saa yake: sekunde tisini,
nusu ya milango imezibwa makusudi,
na watu wa kukodiwa wakinisukuma kwa raha ya kulipwa.
Ikanitoka sauti nisiyoijua:
Acha mzigo! Njoo huku! Ruka!
Mlango hauna habari na asiyekunywa kahawa.
Unauliza tu nani yupo.

Kwetu Chiloé nilizaliwa wa saba kati ya tisa.
Mama akihesabu sahani alianza na wavulana,
akachokea njiani.
Siku moja walitoka kanisani wakaniacha
nimelala kwenye benchi la nyuma;
walinikumbuka kwenye supu,
kijiko kimoja kilipobaki.
Na leo watu mia moja sitini na wanane
hawawezi kwenda popote
kwa sababu mimi sipo.
Aibu inanipanda hadi shingoni,
na chini ya aibu kuna kitu kingine,
Yolanda asikijue:
utamu.

Halafu najiuliza, na homa ndiyo inayouliza:
ikiwa walihitaji nukta sita tu,
zile nukta nne za juu ni za nani?
Nani alinipa bure
magoti, kicheko, woga wa mbwa,
barua nisizozijibu?

Saa kumi na moja jioni kitanda kinatetemeka.
Ni wao.
Santiago imemtuma kijana, Nahuel fulani,
amekuja kama abiria, amebadili shati chooni.
Sijawahi kumwona.
Amekaa kwenye kiti changu kidogo cha kukunja,
viganja chini ya mapaja kama tulivyofundishwa,
macho kwenye mlango wangu,
akiurudia moyoni: shika, inua, sukuma.
Nausindikiza mngurumo kwa sikio moja
hadi upepo unapouchukua.

Mwenye hoteli anabisha. Ana trei, haoni vizuri gizani.
"Supu," anasema. "Mko wangapi humu?"
Nafikiri kidogo.
"Mmoja," namjibu.